Mlio wa Haidrojeni

Fundi wa mtambo wa kutengenezea boroni, kwenye maabara moja ya Tbilisi, alikuwa mama mwenye vidole vyeusi kwa maganda ya matunda ya jozi. Kila asubuhi, kabla ya kupitisha haidrojeni na mvuke wa kloridi ya boroni kwenye waya wa moto, alikinga haidrojeni kidogo kwenye neli ya kioo na kuiwasha. Ikilia pu! ni safi; ikipiga mluzi, imeingiwa na hewa, na mtambo ungelipuka. "Fungeni mabakuli yenu!" aliwafokea wenzake, hata pakiwa kimya. Eteri, mgeni kazini, alimwona mkorofi tu. Hadi siku neli ilipopiga mluzi wa kutoboa masikio, na mama yule akanyoosha mkono kuwasha umeme wa waya. Eteri akaudaka mkono huo.

"Shangazi, imelia vibaya!"

Mama akamkazia macho midomoni. "Sema tena." Kisha akatoa jozi mfukoni, akampa. "Kuanzia kesho simama karibu nami. Na ukiwaambia hawa kuwa sisikii, nakubanika kwenye waya."

Kwa miaka mingi waliitazama boroni nyeusi ikiota kwenye waya, bega kwa bega. Siku hizi Eteri, akiwasha jiko la gesi, bado hufoka, "Fungeni mabakuli yenu!" ingawa jikoni yuko peke yake.