Kengele Juu ya Meza ya Pasi

Jina la Bwana Dari hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa mzima, kwa sababu akiingia nyumba ya watu aliamkia dari kwanza, wenye nyumba baadaye. Hata msibani alitoa pole huku shingo imepinda, akitafuta kengele ya moshi ilipo, na akiikosa alihuzunika kuliko wafiwa. Dada yake mkubwa, aliyeishi naye, alishachoka. "Mdogo wangu, utakufa hujui watu wana sura gani."

Kazi yake ilikuwa kufunga kengele za moto majumbani, na hapo hakuwa na mchezo. Ya moshi aliiweka chumba cha kulala, na nyingine koridoni nje ya mlango wa chumba hicho, katikati ya dari. Kwenye kona hakukubali, maana alisema moshi ni mvivu, haupendi kujibana. Jikoni aliweka ya joto, la sivyo kila kitunguu kikikaangwa majirani watatoka na ndoo. Na penye mvuke, thubutu! Kengele ya moshi haijui kutofautisha, italia tu kama mtoto aliyenyimwa. Wateja wengine walimbembeleza aisogeze pembeni isiharibu sura ya sebule. Aliwajibu kwamba moto haujali sura ya sebule, akaanza kukunja ngazi mpaka waombe radhi.

Basi ni mtu huyuhuyu aliyekwenda nyumba ya kona, kwa mshonaji, akafunga kengele ya moshi juu ya meza ya pasi.

Tusimcheke haraka. Alikuwa mgane wa miaka sita. Mshonaji naye alikuwa mjane, mwenye cherehani mbili, futi ya kupimia shingoni, na cheko la kumfanya mtu asahau alichojia. Siku hiyo Bwana Dari alisahau kuangalia juu. Alifunga ya chumbani vizuri, ya koridoni vizuri, ya joto jikoni vizuri, ikabaki moja ya chumba cha kushonea. Ndipo akakumbuka kwamba kengele ikifungwa vizuri haimwiti fundi tena mpaka ichakae, miaka kumi. Miaka kumi! Atakuwa na sitini na nane. Mkono ukapanda wenyewe, ukatoboa dari palepale mvuke wa pasi unapopitia.

"Hapa ndipo penyewe?" mshonaji akauliza.

"Ndipo," akasema, masikio yakimwaka moto.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ikaita. "Fundi, chombo chako kinapiga kelele."

"Nakuja, fundi," akajibu, maana wote wawili walikuwa mafundi na hawakuwa wamethubutu kuitana vingine. Alifika ameoga, amejipaka marashi, ngazi begani. Akaipuliza vumbi lisilokuwepo, akaketi, akanywa chai vikombe viwili. Baada ya siku mbili ikalia tena. Akasema ni betri. Ikalia tena, akasema ni unyevu. Mara ya sita alisema kengele za aina hii huchelewa kuzoea nyumba. Dada yake alimtazama akitoka na marashi yake, akaguna. "Mapenzi ni kikohozi, mdogo wangu."

"Ni kazi, dada."

Wiki ya nne simu haikuita. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, Jumatano akashindwa, akaenda bila kuitwa. Alimkuta mshonaji anapiga pasi, mvuke umetanda chumba kizima, na kengele juu haisemi neno. Bwana Dari akainua macho. Kengele ilikuwa imeshonewa kofia. Kofia ya kitambaa kizito, yenye mpira na pindo la maua.

"Imependeza?" mshonaji akauliza. "Na za chumbani na koridoni nimezishonea, zifanane."

"Hata ya chumbani?"

"Hata ya chumbani."

Aliogopa kweli, akimwona mwanamke huyu amelala fofofo chini ya kofia ya maua huku moshi unaingia mlangoni, na yote kwa sababu ya vikombe vya chai. "Fundi," akasema, "mimi ni mwongo. Hii sikukosea. Niliiweka hapa ili ilie, ikilia uniite. Nitaihamisha bure, na ukitaka nisirudi tena, sirudi. Lakini zivue hizo kofia, nakuomba."

Mshonaji akaisimamisha pasi. Akafungua mtoto wa meza wa vifungo, akatoa karatasi ya maelezo iliyokuja na kengele. Penye maneno ya kukataza mvuke palikuwa pamepigwa mstari kwa chaki ya kushonea.

"Nimeisoma tangu siku ya kwanza. Unaona kitambaa hiki cha meza? Nimekipiga pasi mara tisa. Hakina kunyanzi hata moja."

"Na kofia?"

"Nilichoka kungoja useme. Nazivisha kila asubuhi tangu Jumatatu, usiku nazivua. Mimi si mjinga wa kulala bila kengele. Haya, panda, iweke mahali pake."

Akapanda, akaipeleka upande wa pili wa chumba, mbali na mvuke. Aliposhuka akasimama na ngazi yake kama mgeni aliyekosa pa kuketi. "Sasa haitalia tena. Nitakuja kwa kisingizio gani?"

"Njoo mikono mitupu," mshonaji akasema. "Ngazi iache hapa."

Jioni dada yake alimwona akiingia, begani hamna kitu. Bwana Dari hakuangalia dari. Alimkazia macho yeye, akastaajabu.

"Dada, kumbe una kidoti shavuni?"

"Ninacho tangu kuzaliwa, mpumbavu wee! Ngazi iko wapi?"

"Nimeiacha kwake."

Miaka thelathini ya kazi, ngazi hiyo haikuwahi kulala nyumba ya mtu. Dada akaweka chini sufuria aliyoishika, akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka na ndoo.