Matone Mawili kwenye Gauni la Epiphanie

Mimi Denise nina mdomo, mtaa wetu mzima wa Rosettenville unajua. Siku ile ningekuwa bubu, ingekuwa heri.

Dada yangu Marthe ni fundi cherehani. Tumeshona pamoja miaka tisa, tangu tutoke Uvira. Kliniki ilimpa vidonge vya tansiyo, yaani presha ya damu, naye alivimeza bila kukosa. Basi tukapata kazi ya kushona gauni la harusi la mteja wetu Epiphanie, jeupe pe. Sindano ikamdunga Marthe kidoleni. Damu haikukata upesi kama zamani, ikadondoka matone mawili kwenye kitambaa. Mama yetu alitulea tukijua kwamba damu kwenye nguo ya bibi harusi ni nuksi. Nikamfokea, "Dawa zako hizo zinageuza damu kuwa maji. Ziache mpaka gauni liishe."

Akaniangalia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakika ya nini? Hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa sikuwa nimeisoma.

Siku ya nne tangu aache vidonge, asubuhi, akikata uzi wa pindo, mkasi ukamtoka mkononi. Nikamwambia aache uzembe. Akajaribu kunijibu, maneno yakatoka yameviringana, mdomo umekwenda upande. Jamani, nilitoka mbio nje nikipiga mayowe. Jirani yetu Thierry alitupakia kwenye gari lake, akapita robot mbili, hizo taa za barabarani, zikiwa nyekundu, na njia nzima nilikuwa nikiminya mkono wa kulia wa Marthe, nao hauniminyi.

Hospitalini tulimkuta nesi Mrundi, Joséline. Nikamweleza kwamba Marthe aliacha vidonge kwa sababu ya damu ya kidole. Akatikisa kichwa.

"Presha ikipanda, vile vichembe vya kugandisha damu vinakuwa vikali. Vinashikana ovyo, hata ndani ya mshipa ambao haujakatika, vikaziba damu ya kwenda kwenye ubongo; ndicho kiharusi hiki. Dawa inashusha presha, na nyingine zinavituliza na hivyo vichembe kidogo. Damu ikichelewa kukata, mnakuja kutuuliza. Hamwachi dawa."

Akachukua kalamu. "Nani alimwambia aache?"

Mimi, mwenye mdomo wa kufokea watu, nikajifanya natafuta kitu mkobani. Niliogopa nesi, niliogopa Mungu, na zaidi niliogopa macho ya dada yangu. Marthe alihangaika na midomo yake kwa muda mrefu.

"Mimi," alisema. "Mwenyewe."

Nesi akaandika hivyo. Nami nikamwacha aandike.