Sponji Chini ya Nyasi Bandia

Mtaa mzima unamwita mume wangu Zulia. Ametandika mazulia tangu ujana wake, kwenye maofisi, kumbi na vyumba vya maharusi. Ukimkaribisha kwako hatazami picha ukutani. Anatazama sakafu, anaibonyeza kwa kidole gumba cha mguu, kisha anaguna. Akiguna, ujue fundi wako alikupunja sponji ya chini ya zulia.

"Mguu ukishuka, upokelewe." Hiyo ndiyo hotuba yake, na nimeisikia mpaka naiota.

Binti yetu alikuwa mchezaji tenisi. Baada ya ajali alirudi nyumbani kwenye kiti cha magurudumu, raketi ikabaki nyuma ya mlango. Uwanja wa klabu yake unaingiliwa kwa ngazi, na kila tukimuuliza katibu wao habari ya njia ya kiti, jibu lilikuwa kesho. Asubuhi moja, tukinywa chai, binti akaweka kikombe chini.

"Baba, hapo nyuma pana nafasi. Nitengenezee uwanja. Nikiendelea kukaa hivi bila kucheza, huyu mnayemlisha humu ndani atakuwa mtu mwingine kabisa."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Zulia naye alitoka na kikombe chake mkononi, na kabla ya mchana kamba zangu za kuanikia nguo zilikuwa zimeng'olewa.

Uwanja kamili haungeenea, lakini mdogo wa kumtoa mtu jasho ulitosha. Tukabomoa banda la kuku. Ngazi za mlango wa nyuma akazigeuza mteremko wa zege, akakalia kiti cha binti yake aujaribu, akaishia kwenye vyungu vyangu vya maua. Mdogo wangu, kinyozi, aliyekuja kusaidia, alicheka mpaka akashika ukuta. Zulia akajipangusa udongo, akauvunja mteremko, akaujenga upya mrefu zaidi.

Nyasi bandia zikaja zimeviringishwa. Huyo sasa ni Zulia na kazi yake! Alizitandika na kuziunga kwa gundi hata ukitafuta kiungo kwa miwani hukioni. Nikajivunia mume.

Binti akashuka mteremko, akaingia. Mita mbili tu, magurudumu yakazama. Akasukuma kwa nguvu zote, kiti kikasogea kama kilicho matopeni. Akainama, akabonyeza nyasi kwa kiganja.

"Baba, chini umeweka nini?"

"Sponji. Nene, ile ya hotelini."

"Ya nini?"

"Sasa mwanangu, ukianguka..."

"Umenitengenezea kitanda, baba. Mimi niliomba uwanja."

Tulimvuta watu wawili kumtoa. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilimpasha Zulia. Nikamwambia mazoea yana taabu, hakuna aliyemwita kuja kutandika sebule. Hasira yangu ilikuwa ya kweli, lakini na moyo wangu naujua: ningekuwa fundi mimi, ningeweka sponji mara mbili.

Asubuhi nilimkuta amepiga magoti, kisu mkononi, anafumua viungo vyake mwenyewe. Kinyozi akamwonea huruma.

"Shemeji, si ukate hapo katikati tu, kiti kipate njia?"

"Tenisi haichezwi kwenye korido, shemeji. Shika huko, vuta."

Wakang'oa sponji yote. Wakamwaga vumbi la kokoto, wakalitia maji, wakashindilia, wakatia maji tena, wakashindilia tena, mpaka sahani zangu zikawa zinagongana kabatini. Kisha Zulia akaomba kiti, safari hii kwa adabu, akajisukuma kona hadi kona. Binti alikuwa akimchungulia dirishani. Siku ya pili akatoka nje, akapita na kiti juu yake.

"Hapo bado, baba. Gurudumu la kushoto linashuka."

Zulia akashindilia hapo. Hakubisha hata mara moja, na mimi niliyeolewa naye nilishangaa kuliko wote.

Nyasi zikarudi, fupi, zimekaa juu ya kitu kigumu. Sponji sikuitupa. Niliikata, nikaishonea vitambaa, tukapanga mito ukutani kwa watazamaji.

Mchezo wa kwanza ulikuwa binti na mjomba wake.

"Mjomba, ukinihurumia nakupiga mpira kichwani."

Kinyozi hakuhurumia. Mpira wa tatu ulienda mbali, binti akageuka kwa kasi kuufuata, gurudumu moja likanyanyuka, akaanguka ubavu, kiti na yeye, mkanda ukiwa umemfunga. Kishindo nilikisikia kifuani. Zulia alishasimama.

"Baba, kaa!"

Sijui alizipata wapi nguvu za kukaa. Alikaa, vidole vimezama kwenye ule mto wa sponji, na mimi nimemshika shati.

Binti akaweka kiganja kwenye nyasi, akasukuma. Akarudi chini. Akavuta pumzi, akasogeza mkono karibu na mwili, akasukuma tena. Ardhi haikubonyea hata kidogo. Kiti kikainuka taratibu, kikasimama wima, na yeye ndani yake, kiwiko kinachuruzika damu na meno yote nje.

Zulia akabonyeza ukingo wa uwanja kwa kidole gumba cha mguu. Hakuguna.

"Baba," binti akaita, "niokotee mpira, basi."