Kiputo cha Hewa

Mwalimu wa sayansi pale Fukayosi humenya kitunguu kwa ukucha wa dole gumba uliogeuka kahawia kwa iodini, kisha huutandaza utando wake juu ya kioo cha hadubini taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Hagombi. Akiona kosa huguna tu, na mguno huo mwanafunzi wake Maulida aliuogopa kuliko fimbo. Leo ameguna juu ya mchoro wake.

"Hii si seli, mwanangu. Umechora kiputo cha hewa."

Maulida akainama, machozi yakamlengalenga. Mwalimu akafungua kabati, akatoa daftari lake kuukuu la chuoni. Ndani yake, kiputo kilekile, kimepakwa rangi kwa ustadi, na katikati pameandikwa: kiini. Maulida akashusha pumzi, akachukua kifutio.

"Usikifute," akasema mwalimu. "Utakihitaji ukija kufundisha."