Unene Wangu Ulikuwa Kazi

Nilipofika London kutoka Nakuru nilikuwa bado mvulana, lakini viatu vyangu vilikuwa vikubwa kuliko vya mwanamume yeyote katika kanisa letu. Mama alikuwa ametangulia miaka mingi, akitunza wazee katika nyumba moja huku Woolwich, mtaa wa jiji hilo. Alinipokea uwanja wa ndege, akanitazama kuanzia chini hadi juu, akasema, "Nilimwachia nyanyako mtoto, amenirudishia kabati."

Mchezo wenyewe niliukuta chuoni. Si kandanda tunayoijua. Ni ule mpira wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili. Kocha aliniona nikipita na mkoba wangu wa vitabu, akaniuliza kama nimewahi kumsukuma mtu. Nikamjibu kwamba nimelelewa vizuri. Alicheka, kisha akanieleza. Tunasimama watano kwenye mstari, nyuma yetu yuko mrushaji, na mbele yetu kuna watu wanaotaka kumwangusha. Sisi ni ukuta wake. Mpira hatuushiki. Akirusha vizuri, anashangiliwa yeye. Akiangushwa, tunalaumiwa sisi.

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia. Kwenye basi na kwenye treni nilikuwa nimezoea kujikunja, kuomba radhi kabla sijamgusa mtu. Pale uwanjani, kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii, niliambiwa nitanuke.

Timu ya kulipwa iliponichukua kwenda Marekani, niliambiwa bado mimi ni mwembamba. Nikaanza kula kama mtu anayejaza gunia: mayai, wali, nyama, maziwa, tena mayai, njaa iwepo isiwepo. Mama alipopiga simu aliuliza tu, "Umekula?" na hilo nililijibu kwa fahari. Mwanzoni nilikaa benchi. Kisha mmoja wa wachezaji wakongwe akaumia, nikaingia, na misimu kadhaa nikabaki humo, vidole vikipinda kimoja baada ya kingine.

Mwaka mmoja tukaletwa kucheza London. Mama alikuja na wenzake wawili wa kanisani, wamejifunga mablanketi, yeye amevaa jezi yangu juu ya koti. Baada ya mechi alinishika mkono, akavichunguza vile vidole.

"Nimekuangalia wewe tu," alisema. "Mpira sikujua uko wapi. Mbona hukupewa hata mara moja?"

"Mama, kazi yangu si kuushika. Namlinda yule anayeurusha."

Alifikiri kidogo. "Na wewe anakulinda nani?"

"Yule aliye kando yangu."

Na ilikuwa kweli. Lakini msimu uliofuata huyohuyo wa kando yangu alisukumwa kinyumenyume akaangukia goti langu. Halikuwa kosa la mtu. Nilipasuliwa, nikafunzwa kutembea upya, nikajaribu kurudi. Asubuhi moja meneja aliniita ofisini, akanishukuru, akanipa mkono wa kwaheri. Mazungumzo yenyewe hayakufikia muda wa kunywa chai. Nikarudi Woolwich, kwenye kitanda changu cha zamani, miguu ikining'inia nje.

Daktari alinieleza kwamba uzito ule sasa ungenila mimi. Goti halingeubeba, wala moyo. Kwa hiyo nikaanza kuupunguza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuuongeza. Mama alikuwa akinipakulia mlima wa ugali na sukuma wiki, kisha anakumbuka, anapunguza nusu, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, mwanangu. Mkono umezoea."

Nguo zikaanza kunipwaya. Na kwetu mtu akikonda, watu hawaulizi anakula nini. Wanauliza anaumwa nini. Jumapili moja, tukinywa chai baada ya ibada, mwanamke mmoja alimvuta mama kando. Nilikuwa karibu kuliko alivyodhani.

"Tumesikia kijana amerudi na ugonjwa," alinong'ona. "Usibebe peke yako. Tuje nyumbani tumwombee."

Nilimtazama mama nikitarajia hasira, maana ana ulimi. Lakini aliweka kikombe chini na kujibu kwa sauti ya kawaida.

"Anaumwa goti. Na anaumwa moyo, kwa sababu kazi aliyoipenda imekwisha. Kama mtakuja kuomba, ombeni hayo."

Sikuwahi kumwambia kwamba naumwa moyo. Sikuwa nimejiambia hata mwenyewe. Nilikuwa nikisema tu kwamba mambo ni sawa, kwamba wachezaji wote huachwa siku moja. Yule mwanamke aligeuka, akaniona, akaja kunikumbatia, kichwa chake kikinifika kifuani. Nililia palepale mbele ya meza ya mandazi, na hakuna aliyeniharakisha ninyamaze.

Walikuja kweli, wiki hiyo, na vyakula vyao, nami nikala kidogo, wala hawakunilazimisha niongeze.

Siku hizi nasomea kutibu viungo vya watu walioumia. Juzi tulipita sokoni na mama, tukaona makoti. Muuzaji alinitazama mara moja tu, akanipa saizi iliyoning'inia mbele yake, bila kwenda kutafuta kubwa zaidi nyuma. Nikalivaa, likafunga. Mama alinizunguka, akanyoosha mabega ya koti kwa viganja.

"Limekukaa," alisema, akafungua mkoba wake kabla sijamzuia.