Mshirika Niliyemwandika Bila Kumwambia

Barua ilinipongeza kwa ushirikiano wangu wa karibu na mtu ambaye hatukuwa tumesalimiana naye kwa miaka sita.

Niliisoma nimesimama. Nikairudia nimekaa.

Mimi ni fundi wa maabara ya hospitali. Nilianza kwa kuosha chupa, mengine nikayajifunza kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu. Wananiita Mzee wa Lebo, kwa sababu kila kitu nakibandikia karatasi: jina, tarehe, saa. Hata kikombe changu cha chai kina karatasi.

Sasa, shemeji yangu mfugaji alikuwa amelazwa mara tatu kwa homa. Tukipima malaria, hakuna. Anapewa dawa za malaria hivyo hivyo, anarudi nyumbani, anaanguka tena. Safari ya mwisho alirudi mifupa mitupu.

Mimi nikawashuku mbuzi wake.

Bahati nzuri zikatangazwa fedha ndogo za kuanzishia utafiti wa magonjwa. Wenyewe waliziita mbegu. Sharti moja tu: taasisi mbili zishirikiane.

Taasisi ya pili ilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Maabara ya mifugo. Msimamizi wake, Daktari wa Mbuzi, ndiye huyo wa miaka sita.

Nikamwandika. "Tunashauriana kila wiki." Nikajiambia, mambo ya fomu hayo, nani anasoma?

Wakasoma. Wakatuita wote wawili kwenye usaili, Alhamisi.

Ugomvi wetu ulikuwa hivi. Niliazima mashine yake ya kuzungushia damu, mfuniko ukapasuka mikononi mwangu. Nikairudisha na lebo safi kabisa: "Ilipokelewa ikiwa na ufa." Tarehe, saa, sahihi.

Uongo wenye nidhamu.

Jumanne nikapita geti la ukuta ule na mfuniko mpya kwapani, mtu mzima natembea kama mtoto aliyetoboa sufuria ya jirani.

"Mzee wa Lebo! Umepotea njia au umepotewa na akili?"

"Vyote, daktari. Ule ufa ni wangu."

Akanitazama. "Na lingine?"

"Lingine lipi?"

"Mtu haleti mfuniko baada ya miaka sita bure bure. Sema."

Nikasema yote: shemeji, mbuzi, fomu. Nikangoja kufukuzwa.

Akafungua droo, akatoa barua. Muhuri ule ule. Wanampongeza kwa ushirikiano wake wa karibu na mimi.

"Kumbe na wewe!"

"Nyamaza. Ningemwandika nani mwingine, na ukuta ni mmoja?"

"Uliandika tunaonana mara ngapi?"

Akageukia dirisha. "Kila siku."

"Mimi angalau nilidanganya kwa kiasi!"

Alicheka hadi akafuta machozi kwa koti la maabara.

Alhamisi tukasema ukweli mbele ya jopo. Mwenyekiti akavua miwani.

"Tulikuwa tunajiuliza, washirika wanaopendana hivi wametuma maombi mawili ya nini?"

Wakatunyima. Turudi duru ijayo, na ombi moja.

Nje nilikuwa nimenyong'onyea. "Shemeji ndiyo basi tena."

"Shemeji yako anakaa wapi?" daktari akauliza. "Nina vipimo vilivyobaki. Vinatosha mtu mmoja na mbuzi watatu."

Majibu yakaoana. Bakteria wale wale wanaowafanya mbuzi watupe mimba. Daktari wetu wa wodi akathibitisha, akabadilisha dawa, na baada ya wiki chache shemeji alikuwa ananigombeza kwa kumchomachoma sindano mbuzi wake mwenye mimba.

Mbegu tulizipata duru iliyofuata, kwa majibu hayo hayo.

Ndugu yangu, kabla hujaandika barua kuomba mbegu kwa watu wa mbali, mwombe radhi jirani mwenye jembe. Mimi nilitafuta fedha za kuvuka ukuta wenye geti, na geti halikuwa na kufuli.

Mfuniko wa zamani daktari aliutundika ukutani kwake na lebo yake. Chini akanilazimisha nibandike ya pili:

"Nilipasua mimi." Tarehe, saa, sahihi.