Nilifuta Sauti za Baba Mkwe ili Nimshinde Shemeji kwa Aifoni Yangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usije ukanionea huruma njiani. Hakuna aliyenituma, shetani simsingizii, na pombe sinywi. Nilikuwa na akili zangu timamu na simu mbili mkononi.

Jina langu sitalitaja. Na hao nitakaowataja nimewabadilishia majina, maana hawajui kama naandika haya. Mimi ni Mhaya niliyeolewa na Msukuma, tunaishi Buzuruga hapa Mwanza. Mume wangu nitamwita Deus. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni Faustine, mwalimu wa sekondari kule Magu. Mama yao, mama mkwe wangu, anaishi ng'ambo ya maji, Kamanga.

Ugomvi wangu na Faustine ulianza kwa kitu cha kijinga kabisa. Simu!

Mimi ni mtu wa aifoni. Yeye ni mtu wa Android, na si wa kutumia kimya kimya, ni wa kuhubiri. Krismasi moja tulikuwa wote kwa mama, simu yangu ikazimika, nikauliza nani ana chaja inayoingia. Faustine akapaza sauti mbele ya ukoo mzima:

"Shemeji, hiyo ni simu au ni mgonjwa wa dripu? Kila saa iko ukutani!"

Watu wakaangua kicheko. Deus naye akacheka! Nikajisikia kama nimevuliwa nguo.

Nikamrudishia. "Angalau yangu hainifungulii tangazo la dawa za nguvu za kiume kabla sijaona picha ya mtoto."

Kicheko kikahamia kwangu. Nikaona shingo ya mwalimu imekaza. Nikafurahi. Nakiri, nilifurahi mno.

Tangu hapo kundi la familia la watsapu halikupumua. Asubuhi Faustine anaandika kwamba aifoni ni jela, huwezi hata kumrushia mwenzio wimbo bila kuomba ruhusa. Mchana namjibu kwamba Android ikimaliza mwaka inakuwa nzito kama trekta la pamba. Anasema mimi nanunua jina. Namwambia picha alizopiga kwenye harusi ya binamu yao zimewageuza watu sura wakawa maboga. Siku moja akaandika, "Nshomile bila tunda lililong'atwa mgongoni mwa simu hawezi kutoka nje."

Hapo aligusa kabila langu, maana nshomile ndivyo wanavyotutania Wahaya kwamba tunajiona wasomi. Nikamwandikia, mashangazi wakisoma, wapwa zake aliowahi kuwafundisha wakisoma, kwamba mtu anayekula vumbi la chaki asinifundishe teknolojia.

Deus akanivuta pembeni. "Mama Keti, acheni. Hizo ni simu tu."

"Mwambie mdogo wako."

"Nimemwambia."

"Basi hajasikia."

Ukweli ni kwamba haikuwa tena habari ya simu. Nilimchukia yule mwanaume. Na yeye vilevile, akija kwetu alikuwa anamsalimia kaka yake na watoto, mimi ananipita kama kabati.

Sasa nikueleze habari ya mama.

Baba mkwe alifariki baada ya kulazwa muda mrefu huku mjini. Mama miguu inamsumbua, kuvuka kila mara kuja kumuona alishindwa. Basi mzee akawa anamtumia voisi, yaani sauti aliyorekodi kwenye watsapu, kila asubuhi kutoka kitandani. Kila moja inaanza na kikohozi, kisha "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, kisha maneno ya Kisukuma, kisha kicheko. Simu ya mama ilikuwa Android, zawadi ya Faustine.

Mzee alipofariki, simu yake yeye iliibiwa siku ya msiba. Kwa hiyo ile sauti ikabaki sehemu moja tu duniani, kwenye simu ya mama. Kila asubuhi mama anakaa mlangoni na kikombe cha uji, anabonyeza, anamsikiliza mume wake. Kuna nyingine alikuwa anazijibu, jamani! Mzee anauliza kitu mle ndani, mama anamjibu kama yuko jikoni.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Shika hapo: nilikuwa nayajua.

Betri ya simu ya mama ikavimba. Kioo kikaanza kuinuka. Faustine akaandika kwenye kundi kwamba mama asiitumie sana, yeye atakuja Jumamosi kubadilisha betri. Na mimi nikadandia palepale: "Betri ya nini? Nina aifoni yangu ya zamani, nzima kabisa. Mama naye anastahili simu."

Safari hii Faustine hakuandika. Alipiga.

"Shemeji, leo naomba tuache utani."

"Mimi sijatania."

"Voisi za mzee ziko kwenye watsapu ya mama. Kutoka Android kwenda aifoni hazihami hivi hivi, kuna utaratibu wake. Ukikosea zinabaki nyuma. Ngoja nifike Jumamosi nizihifadhi kwanza kwenye kompyuta. Baada ya hapo mpe hata aifoni kumi, sitasema neno."

Alisema kwa upole. Wala hakunitukana. Lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia mwalimu amesimama ubaoni ananifundisha.

"Faustine," nikamwambia, "aifoni inahamisha kila kitu. Wewe unaogopa mama akionja simu ya maana hatarudi kwenye takataka zako."

Akakata simu.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapanda kivuko. Nilikuwa namuwahi. Ndiyo sababu pekee iliyonivusha maji siku ile!

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja siku ya kazi? Kuna heri?"

"Heri mama. Nimekuletea simu."

Alifurahi kama mtoto. Akanawa mikono kabla hajaishika. Nikachomeka ile Android ya mama kwenye umeme ikawaka, nikakaa kwenye mkeka nikaanza kazi. Picha zikapita. Majina yakapita. Nikahamisha laini, watsapu ikafunguka kwa namba yake. Nikaona jina la Deus, nikaona kundi la familia, nikaona jina la marehemu baba. Nikatosheka. Ndani sikufungua! Ilikuwa ni kugusa mara moja tu, sikugusa.

Mama akainama karibu yangu. "Na baba yenu amehama?"

"Amehama mama. Wote mmehama."

Kama ningeishia hapo, mama angekuwa na mzee wake mpaka leo. Ile Android ningeiweka kabatini, Faustine angefika kesho yake, angezikuta zote zimetulia mle, angenicheka wiki nzima, yakaisha.

Lakini nikawaza: huyu akija ataichukua laini ya mama, atairudisha kwenye Android, halafu atatangaza kwenye kundi kwamba aifoni imemshinda mama. Nikataka asiwe na pa kumrudisha. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua kufuta vyote. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Simu, kitu kisicho na roho, iliniuliza! Nikabonyeza ndiyo.

Ikazima, ikawaka, ikawa tupu. Nikaitia kwenye begi langu. Kisha nikampiga mama picha ameshika aifoni, nikairusha kwenye kundi na maneno haya: "Mama amehamia kwa washindi."

Kesho yake asubuhi tuko mezani, simu ya Deus ikalia. Akaweka sauti ya nje.

"Deus, nabonyeza, baba yako hasemi."

"Bonyeza pale kwenye jina lake, mama."

"Jina lipo. Ndani hamna kitu. Baba yako hayumo, Deus. Hayumo!"

Mume wangu akanigeukia. Mimi sikusema "nimekosa". Kilichotoka mdomoni kilitoka laini, kama nilikifanyia mazoezi.

"Itakuwa ile simu ya Faustine. Jana nimeikuta memori imeshaungua. Simu za bei rahisi ndivyo zilivyo. Sikutaka kumshtua mama."

Mama alikuwa anasikia yote. Kisha akasema, "Kumbe ni Faustine," akakata.

Faustine alikuwa ameshatoka Magu, yuko njiani. Mama akampigia. Aliyomwambia sikuyasikia siku ile. Nilichoona ni Faustine anaingia kwangu bila hodi, macho mekundu, begi la kompyuta begani.

"Shemeji, iko wapi simu ya mama?"

"Niliiacha kulekule."

"Mama anasema umeondoka nayo."

"Mama amesahau."

"Sema kweli. Mimi sitakucheka. Naapa sitakucheka. Nipe hiyo simu, labda kuna kitu kimebaki."

Alikuwa ananiomba! Yule mwanaume aliyenipita kama kabati alikuwa amesimama sebuleni kwangu ananiomba. Na mimi nikamwambia, "Usije kumwaga uzembe wako kwenye nyumba yangu. Simu mbovu ulinunua mwenyewe."

Akapiga ngumi mezani, vikombe vikaruka. Deus akamkamata kola, akamsukuma nje. Ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakaporomosheana matusi ya Kisukuma barazani, majirani wakitazama, na mimi ndani nashikilia begi langu la kazi lenye ile simu.

Siku chache baadaye Deus alitafuta chaja kwenye begi hilo. Akaitoa ile simu. Hakunifokea. Aliichomeka ukutani, akasubiri iwake. Kioo kikaandika "Karibu", kikamtaka achague lugha.

"Simu iliyoungua memori inaweza kusema karibu?" akaniuliza.

Nikamwambia kila kitu, mpaka ule ujumbe wa washindi na sababu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno mawili: "Utamwambia mwenyewe."

Tulivuka pamoja. Mama alikuwa anaanika mahindi. Nikapiga magoti palepale uani, nikasema. Nilitegemea atalia, au atanipiga. Akaendelea kusambaza mahindi kwa kiganja mpaka nilipomaliza.

"Wewe unajua Kisukuma?"

"Kidogo sana, mama. Salamu tu."

"Basi hata alichokuwa ananiambia hukukijua. Umefuta kitu usichokijua."

Nikaanza kulia. Akanikatisha kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Nyamaza! Usinililie mimi. Mtoto wangu nilimwambia kwamba amemuua baba yake mara ya pili. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, kwa ajili ya maneno yako. Hayo nayarudishaje? Nayo utanifutia?"

Akaingia ndani, akatoka na aifoni, akaiweka juu ya mkoba wangu. Nikamuaga, "Kwaheri mama." Hakuitikia. Mpaka leo hata shikamoo yangu haitikii.

Nilizunguka na ile simu kwa mafundi wa mjini. Wa kwanza alinirudishia palepale. Wa pili alikaa nayo, akajaribu, akatingisha kichwa. Nikauliza kama kuna mtu mwingine mwenye uwezo zaidi, akasema, "Dada, hii haikupotea. Hii imefutwa."

Faustine nilimpigia, hakupokea. Basi pale pale nilipomtukania ndipo nilipomwombea radhi, kwenye kundi la familia, kila mtu akisoma. Niliandika yote bila kujipendelea. Mashangazi wakanimiminia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa, na yote nilistahili. Jioni Faustine akaandika mara moja:

"Umeshinda, shemeji."

Kisha akatoka kwenye kundi.

Deus alimfuata Magu akamwomba msamaha, wanaongea sasa, lakini kwa tahadhari, kama watu waliofahamiana safarini. Kwangu Faustine hakanyagi. Mama alienda kumwomba radhi mtoto wake, na miguu ile ile mibovu, mpaka Magu. Fikiria! Mama mzima anamwangukia mwanawe kwa uongo wangu. Siku hizi anatumia kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Asubuhi bado anakaa mlangoni na uji wake. Wanaoishi naye wanasema anakaa tu.

Mume wangu hajaniacha. Ananiuliza habari za chakula na ada ya watoto. Kicheko chake cha zamani, kile kilichoniudhi ile Krismasi, sijakisikia tena ndani ya nyumba.

Wewe unayesoma hapa na simu yako mkononi, bishana. Sema yako ndiyo bora, sema ya mwenzio ni takataka, hilo halijawahi kumuua mtu. Lakini siku ukijikuta unamchukia mtu kiasi kwamba hutaki awe sahihi hata pale anapokuomba usiharibu, weka simu chini. Inuka, toka nje, nenda kafue hata nguo.

Mimi sikuiweka chini.